Ramani Chini ya Vikombe Vinne

Kazini walimwita Bwana Wino, maana kwa miaka thelathini na moja vidole vyake havikuwahi kutakata. Alikuwa mchora ramani. Mwambao wa kusini, na ghuba zake, rasi zake na vijisiwa vyake, aliuchora wote kutokana na picha zilizopigwa angani, akiwa ameinamia meza katika chumba kisicho na dirisha. Mwenyewe hakuwahi kufika. Kila alipopanga kwenda lilizuka jambo: mtoto kazaliwa, paa limevuja, mke kaugua. Sasa mke hayupo, na daktari wa macho alikuwa amesema bila kuzunguka: huenda mwaka usiishe kabla mzee hajapofuka.

Ndiyo maana binti yake, mwalimu wa hesabu, alikuwa amesimama sebuleni asubuhi ile, simu sikioni, roho juu. Loji aliyoipata ilikuwa mwambao uleule, na kwa wiki ya likizo ya shule vilibaki vyumba viwili tu. Cha juu kilikuwa na roshani inayotazama ghuba nzima. Cha chini kilikuwa karibu na maji, lakini kidirisha chake kilitazama ukuta wa mwamba.

"Dada, kuna familia nyingine inakitaka hicho cha juu," karani wa loji alisema. "Nakupa dakika kumi, halafu napiga. Usipopokea, kimekwenda."

Binti aliivuta ramani ya mwambao ule kutoka juu ya kabati. Baba alikuwa na sharti lake la kazi: ramani huviringishwa mchoro ukiwa nje, ili ukiitandaza pembe zilale zenyewe. Kwa haraka, binti akaifungua mezani kama anavyofungua karatasi yoyote. Pembe zikainuka. Akazikandamiza kwa vikombe vinne, viwili vikiwa na chai, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani.

"Baba, njoo! Wanataka jibu."

Mzee alikuja akipapasa mgongo wa kiti. "Haraka ya nini? Bahari itahama?"

"Chumba ndicho kitakachohama. Na kaka anasema tungoje mwisho wa mwaka."

"Kaka yako alichelewa hata kuzaliwa." Akainama, akaweka kidole juu ya karatasi. "Tazama. Loji iko hapa, mguuni pa rasi. Hapa vijisiwa vitatu, cha kati kina umbo la figo. Kilinitoa jasho hicho! Ukikaa roshani utaviona vyote. Na mistari hii ya buluu ndiyo kina cha maji. Unaiona?"

Binti alitazama. Karatasi ilikuwa nyeupe pe. Alikuwa ameitandaza kifudifudi. Kidole cha mzee kiliendelea kutembea juu ya weupe ule, taratibu, bila kusita.

"Unaiona, mwanangu?"

"Naiona, Baba."

Alikumbuka magazeti ambayo hayakufunguliwa. Alikumbuka shati la juzi la baba yake, vifungo kombo, na jinsi alivyomcheka.

Simu ikaita. Hakuipokea.

"Pokea, we mtoto! Unataka tukikose?" Mzee alinyanyua kikombe chake. Pembe ya karatasi ikafyatuka, ikamgonga kifundo cha mkono. Akaipapasa ile pembe iliyojikunja kwenda juu, mara moja, mara ya pili.

Simu iliendelea kuita.

"Umeigeuza," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeigeuza. Tangu lini, Baba?"

"Wiki ya tatu. Umebaki mwanga tu. Nilijua nikikwambia utaghairi safari." Alikiweka kikombe vibaya, chai ikamwagika. "Usighairi. Nakuomba."

Simu ilinyamaza, kisha ikaanza upya. Mara hii binti aliipokea.

"Dada, mwisho huu. Cha juu unakitaka?"

Binti alimtazama baba yake, aliyekaa wima, mikono magotini.

"Kutoka chumba cha chini mpaka majini ni hatua ngapi?"

"Cha chini? Kumi na mbili hivi. Maji yakijaa, mawimbi yanapiga mpaka kwenye ngazi. Nisikufiche, wageni hulalamika kwamba kelele haziwaachi kulala."

"Niandikie hicho."

Alikata simu, akamwambia baba yake idadi ya hatua. Mzee alikuwa bado ameshika pembe ya karatasi.

"Hatua kumi na mbili," alisema mzee. "Hizo sikuwahi kuzichora." Kisha akakunja uso. "Haya, futa hiyo chai kabla haijapenya kwenye bahari yangu."