Mate ya Susu

Kwetu Makueni, bibi harusi haondoki nyumbani kabla ya kutemewa mate. Leo nalisema hilo bila haya, tena kwa shukrani, ingawa kuna wakati ningeona afadhali ardhi inimeze. Hutemewa kifuani, chini kidogo ya shingo, na anayetema ni nyanya yake, ambaye sisi Wakamba tunamwita susu. Si mate ya dharau. Ni yale mepesi ya kunyunyiza, pfu, pamoja na maneno mawili matatu ya baraka.

Nilikuwa mdogo nilipomwona shangazi yangu akitemewa asubuhi ya harusi yake. Nilikunja uso, nikamuuliza susu kwa nini asitumie maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Hakunicheka. Aliniambia kwamba maji hata adui anaweza kukumwagia, lakini mate hayadanganyi. Mwenye kinyongo kinywa humkauka. Akijaribu kutema, hakitoki kitu. Kwa hiyo bibi harusi akihisi ule unyevu kifuani, anajua hajaacha nyuma mtu mwenye neno naye moyoni. Hiyo ndiyo bahati anayoondoka nayo.

Kisha nikakua, nikaokoka, nikapata mdomo. Siku ya vijana kanisani nilipewa maiki nitoe ushuhuda, nami nikajiachilia. Nilisema nimetoka katika nyumba ya giza, nyumba ya watu wanaotemeana mate na kuita baraka. Watu wakapiga makofi. Susu alikuwa ameketi safu ya tatu, kitambaa cheupe kichwani, yeye aliyenifundisha kusali kabla sijajua kusoma. Hakutoka nje. Alingoja ibada iishe, akachukua kiondo chake, akaenda nyumbani polepole.

Hakunitajia jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Nikienda kwake alinipakulia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kama kawaida, akanichagulia upande wenye maharagwe mengi. Nilijua natakiwa kuomba msamaha, lakini kila nilipofungua kinywa nilijikuta nausifu muthokoi. Nafikiri hakuna muthokoi uliowahi kusifiwa kama ule.

Miaka miwili ikapita hivyo, nikapata mchumba wa Kitui. Watu wake walileta mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao bila wao hakuna mtu kwetu atakayekuhesabu kuwa umeolewa. Susu aliwazunguka mbuzi, akawashika migongo, akasema wanafaa. Kuhusu mate hakusema lolote. Mimi usingizi ukanipaa. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya kanisa zima. Je, asubuhi ile angenitemea? Na akikataa, ningeondokaje? Niseme ukweli: niliyataka mate yale kuliko nilivyolitaka gauni.

Asubuhi ya harusi niliketi uani kwenye kiti cha plastiki, fundi wa mekapu aliyetoka mjini Wote akinipaka hiki na kile. Susu akaja na mkongojo wake.

"Susu, usiguse hapo, poda bado haijashika," fundi akasema. "Ukimwagia maji itabidi nianze upya."

"Si maji," susu akamjibu kwa Kiswahili chake cha mkato. "Wewe ngoja huko."

Akainama, akakusanya midomo. Pfu. Upepo mtupu. Akalamba midomo, akajaribu tena. Pfu. Kukavu kabisa. Shangazi alinitazama, kisha akageukia kuku kana kwamba wana habari muhimu. Kumbe bado ana neno nami moyoni. Machozi yakanitoka, na kazi yote ya fundi ikaanza kuteremka mashavuni.

"Susu, nisamehe," nikasema. "Yale niliyosema kanisani. Nilikosa. Nisamehe."

Alinyooka, akanishangaa. Akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Nilikusamehe kabla hujarudisha ile maiki! Hii ni dawa ya presha. Tangu nianze kuimeza, mdomo umekuwa mkavu kama kiangazi. Nileteeni ukwaju."

Shangazi akakimbilia jikoni, akarudi na ukwaju wa kutia kwenye uji. Susu akatia kipande kinywani, akaanza kumung'unya. Uso ukakunjamana, jicho moja likafumba. Tulisimama hapo, umati mzima, tukingoja mate ya mwanamke mmoja. Mtu akacheka, wengine wakafuata, hata fundi.

Kisha susu akanishika mabega. Pfu! Yalinilowesha kifua, mengine yakaruka hadi kidevuni. "Nenda," akasema, "uzae, ushibe, ucheke. Nyumba yako isikose maji." Fundi alishika kichwa. Mimi sikufuta hata tone. Sidhani nimewahi kupewa kitu kizuri kama kile, na kile kilikuwa mate.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mimi nina jina lake. Nilipewa nilipozaliwa, na susu siku zote amesema mwenye jina lake ni mwenzake, si mtoto kwake. Akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akainamisha shingo mbele yangu.

"Sasa wewe," akasema. "Kitui ni mbali, na mimi nimezeeka. Nataka kubaki nikijua."

Nikakusanya midomo. Pfu. Hakuna kitu. Nikajaribu tena, ulimi umenata juu. Mimi sikuwa nimemeza dawa yoyote. Kinyongo naye sikuwa nacho, Mungu ni shahidi; ilikuwa aibu tu, ile niliyotembea nayo miaka miwili, nayo ilikuwa imenikausha.

Susu hakuuliza. Aliutoa ukwaju kinywani mwake kwa vidole viwili, mbele ya watu wote, akaniwekea juu ya ulimi. Nikaupokea pamoja na rangi yangu ya mdomo, nikaumung'unya, naye akabaki ameinama, akiningoja, mpaka nikaweza.