Anayefunga Kichwa Ndiye Anayepanda Kwanza

Siku yangu ya kwanza karakanani, hapa Arua, sikupewa spana. Fundi Mkuu, mzee wa Kinubi aliyejifunza kazi jeshini, alinipa kipande cha kioo cha dirisha, karatasi ya msasa na kichwa cha silinda kilichopinda. "Sugua," akasema. Nilisugua hadi adhuhuri huku nimenuna. Nilikuwa nimetoka shule, najiona mtu.

Pikipiki zetu zilikuwa zile za zamani, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli. Injini zake hazina valvu. Kichwa ni kifuniko tu cha aluminiamu kinachoshikwa na nati nne, lakini mlipuko wote unatokea chini yake. Kikivuja, nguvu inatokea pembeni, injini inachemka, na kilima cha kwanza tu unashuka kusukuma. Kwa hiyo unachora mistari ya penseli kwenye uso wa kichwa, unalaza msasa juu ya kioo, unasugua kwa kuzungusha namba nane. Mistari yote ikifutika, uso umenyooka. Ikibaki mahali, hapo pana bonde, endelea kusugua.

Gasketi ilikuwa ya shaba. Tuliipasha motoni mpaka iwe nyekundu, tukaitumbukiza majini, ikalainika, ili ikibanwa ijaze mikwaruzo midogo. Nati tulizikaza kona kwa kona, kidogo kidogo. Kisha ikaja sheria ambayo sijaiona karakana nyingine: anayefunga kichwa ndiye anayeipanda pikipiki kwanza, Arua hadi Koboko na kurudi.

"Hapa mjini kila injini iko mzuri," Fundi Mkuu alituambia. "Barabara ya Koboko ndiyo najua ukweli."

Ukirudi, unaiacha ipoe kabisa, unakaza tena, ndipo mwenye pikipiki anaitwa.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa karakana ndogo ya Koboko, chini ya Msimamizi, mtu mpole aliyeamini neno la fundi. Sheria ilikuwa ile ile, ila safari ilianzia huko: Koboko hadi Arua na kurudi. Siku moja nikapewa pikipiki ya muuguzi wa Ludara, mama aliyepeleka chanjo za watoto. Nilisugua kichwa, mistari ikafutika yote isipokuwa miwili karibu na nati moja. Jirani alikuwa na harusi jioni ile, nami nimeshona suruali mpya. Nikapaka gundi ya gasketi pale penye bonde, nikafunga, nikazunguka nayo hadi sokoni na kurudi. Ililia vizuri sana.

"Imefika Arua?" Msimamizi akauliza.

"Imefika," nikasema, nikaenda kuoga.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia njia ya Ludara, asubuhi iliyofuata. Gundi iliungua, injini ikaanza kupuliza pembeni, ikazima. Muuguzi aliiacha kwa watu, akajitwika sanduku la chanjo, akatembea juani. Alipofika barafu ilikuwa maji, na chanjo zote za surua zikawa za kutupa.

Pikipiki ililetwa juu ya gari. Msimamizi aliifungua mbele yangu. Pale pale karibu na nati ile palikuwa na mstari mweusi wa masizi.

"Wewe nafika Arua?"

Nikayagusa masizi yale kwa kidole.

"Basi twende Ludara."

Wamama walikuwa bado wamekaa pale kliniki, watoto mgongoni. Muuguzi hakunifokea. "Mimi kutembea si kitu," akasema. "Lakini hawa wametoka mbali. Waambie wewe mwenyewe kwa nini wanarudi bure." Nikawaambia. Mama mmoja akanitazama, akauliza kwa upole, "Kwani wewe hapana jua kazi?"

"Najua," nikajibu. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Ningekuwa sijui, ingekuwa nafuu.

Wiki iliyofuata nilifunga kichwa upya, nikaenda Arua na kurudi, kisha nikampakia muuguzi hadi Ludara. Yule mama alikuja. Wengine hawakuja wote, na habari zao sizijui hadi leo.

Baadaye nilirudi Arua, na mwishowe nikawa Fundi Mkuu mimi. Siku hizi vijana wana gundi za silikoni za kila rangi, wanapaka kama siagi kwenye mkate. Siwagombezi. Nawauliza tu pikipiki imefika wapi.

Kichwa changu cha mwisho kilikuwa cha mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, mwenye pikipiki kuukuu aliyoachiwa na baba yake. Nilisugua vizuri, hakuna mstari uliobaki. Nikafunga, nikaitoa pikipiki nje, nikakanyaga kiki kuiwasha. Goti likakataa. Nikajaribu mara ya pili, likakataa kabisa.

"Mzee, wacha mimi nipande," fundi mwenzangu akasema. "Kazi yako tunaijua."

Nilimshukuru. Kisha nikachukua spana, nikafungua nati zote nne, nikamkabidhi kichwa pamoja na kioo.

"Basi funga wewe," nikamwambia, nikaenda kunawa mikono.