Pikapu Iliyomkataa Absalom

Kwa wiki tatu pikapu ya marehemu Mukhwana ililia bila kuwaka. Kila Absalom, ndugu ya marehemu, alipozungusha ufunguo, starta ilipiga kwa nguvu hata kuku wakatawanyika, lakini injini haikushika. Nabwile, mjane wa Mukhwana, alisikia yote kutoka jikoni kwake, ng'ambo ya ua, akaendelea kuchambua vitunguu.

Pikapu ile ilikuwa jasho lake. Miaka kumi na moja alitoa vitunguu Kachibora akaviuza soko la Chwele, magunia yamefungwa nyuma ya bodaboda naye amejibana juu yake, hadi wakanunua gari la miaka ya karibuni, si mkweche. Kwa kuwa Nabwile hakukanyaga darasa, mumewe ndiye aliyeandika jina kwenye karatasi. Aliandika lake.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walikaa kumuse, kikao cha kumnena marehemu na kugawa alichoacha. Wakasema Nabwile amezaa mabinti tu, na mabinti huolewa. Pikapu ikaenda kwa Absalom.

"Mwanamke hana kitu katika boma hili," Absalom alisema mbele ya wote.

Walipomdai ufunguo, Nabwile alijibu, "Muulizeni mwenye gari." Mwenye gari alikuwa chini ya udongo. Basi vijana wanne wakaisukuma pikapu hadi kwa Absalom, naye akaleta mchonga funguo kutoka Bungoma.

Ufunguo mpya ulifungua mlango, ukazunguka vizuri. Kuwaka ndiko kulikokosekana. Fundi wa kwanza alilaumu betri, ikabadilishwa. Wa pili alisema dizeli ni chafu. Wa tatu alichomoa fyuzi zote akazirudisha ovyo, na taa za breki zikafa.

Jumamosi akaja Sufian, fundi wa Kitale. Hakufungua hata boneti. Alimwambia Absalom ajaribu kuwasha, akainama kutazama dashibodi.

"Mzee, hii taa ndogo ya picha ya ufunguo, huwa inamwekamweka hivi?"

"Taa ni taa, bana. Angalia pampu."

"Pampu ni mzima. Gari ndiyo imekukataa. Ufunguo wake uko na kidude ndani ya kichwa. Gari ikikitambua, inakubali kuwaka. Hii yako ni chuma tu."

"Si uweke hicho kidude!"

"Nipate ule wa kwanza, ama mwenye jina kwa karatasi aje mwenyewe. Mimi si mwizi."

Macho yote yakageukia ua. Nabwile alikuwa amesimama pale, maganda ya vitunguu yamemganda mikononi.

"Shemeji," Absalom alisema, sauti imelainika kwa mara ya kwanza tangu msiba, "kumbe unao?"

"Mimi? Si mlisema mwanamke hana kitu hapa? Asiye na kitu atatoa wapi ufunguo?"

"Shemeji, mahindi yangu inanyeshewa shambani!"

"Na mimi nilinyeshewa miaka kumi na moja. Neno ulilosema kumuse, lirudishe. Mwite mzee wa mtaa asikie."

Mzee Khaemba akaitwa, akaja na mkongojo wake. Sufian alianza kufunga mkoba.

"Gari ni ya Nabwile," Absalom akasema.

"Imetoka wapi?" Nabwile aliuliza.

"Imetoka kwa vitunguu vya Nabwile."

Nabwile akafungua fundo la leso kiunoni, akatoa ufunguo wenye kichwa cheusi. Hakumpa Absalom, alimpa Sufian. Taa ndogo ikazimika, na injini ikashika mara moja.

Nabwile alikuwa amengoja furaha. Alichosikia ni mngurumo uliokuwa ukimwambia kila jioni kwamba Mukhwana amefika langoni, naye akageuka kutazama lango. Hakuna aliyemwambia pole.

"Zima," alimwambia Sufian. "Nipe."

"Mama, si imewaka? Nikupelekee tu mpaka kwako."

"Waliisukuma kuja," Nabwile alijibu, akiufunga ufunguo tena kwenye leso. "Wataisukuma kurudi."

Vijana wale wanne wakaitwa. Mmoja hakuwepo, na Absalom akashika nafasi yake.