Mwalimu Aliyeiachia Nafasi Familia Isiyokuwa Kwenye Orodha

Habari ilinikuta sokoni Jumatatu, wasomaji wangu, nikinunua maharagwe: mwalimu aliyetufundisha programu katika masomo ya jioni hapa Bunia ametutoka, nyumbani kwake, baada ya kuugua muda mfupi. Muuzaji aliniona nimeng'ang'ania kikombe chake cha kupimia, akauliza kama nimekinunua. Kumbe kimawazo nilikuwa nimerudi kwenye kile chumba chetu: wanafunzi arobaini, kompyuta tano, mbili kati yake zikiwa za mapambo tu, na vumbi la chaki la kutosha kupaka kanisa zima. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, mimi, mnanijua.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la klasi, yaani kipande cha programu kinachoeleza kitu kiumbwe vipi. Klasi, alisema, ni kalibu ya matofali, na kitu kinachotoka ndani yake ni tofali. Sisi tulizoea kuziandika kalibu zote mapema, ndani ya programu, na kazi imekwisha. Yeye alitaka programu isome jina la kalibu kwenye faili dogo la pembeni, iitafute yenyewe huku ikiwa kazini, ifyatue tofali, bila kuzimwa wala kuundwa upya. "Mwalimu, hiyo kazi ya bure," nilimwambia. "Kalibu zote tunazijua." Akacheka. "Weye unajua zote? Basi Mungu atakuja kukulomba shauri."

Miaka ikapita, tukajikuta pamoja kwenye uandikishaji wa familia zilizokimbia kutoka upande wa Djugu. Orodha ya aina za familia niliiandika mimi: aina nane, kila moja na klasi yake, nikajiona nimewamaliza binadamu wote. Mwalimu alisisitiza tuweke na lile faili lake dogo. Nikamwachia, kama unavyomwachia mkubwa wako kiti. Asubuhi moja akafika mezani kwangu mama mmoja na watoto wanne, nikaanza kumuuliza.

"Mama, weye ni mujane?"

"Bwana yangu iko muzima. Alienda Mahagi kutafuta kazi."

"Na hawa batoto ni ba kwako?"

"Ni ba jirani. Tulikimbia pamoja, mama yao tulimupoteza njiani. Sasa banakula kwangu, banalala kwangu. Unataka nini ingine?"

Programu yangu ndiyo iliyotaka. Haikuwa na familia ya namna hiyo. Njia pekee niliyoiona ni kuwaandika wale wanne kama yatima wasio na ndugu, na walioandikwa hivyo walipelekwa makao mengine siku hiyohiyo, bila yeye. Mama alilielewa jambo hilo kabla sijamaliza kulisema. Akamvuta mdogo wao kifuani. "Ukibaandika huko, narudia nabo mu pori."

Mwalimu alisikia, akaja. "Usizime mashine," akasema, na alikuwa na haki, maana mashine ile ilipozimwa, kabla haijawaka tena ungeweza kutembea hadi Aru ukarudi. Akaketi kwenye kompyuta nyingine, akaandika klasi mpya ya kaya iliyopokea watoto wa wengine, akaileta kwa flashi, akaongeza jina la klasi hiyo kwenye lile faili. Nikabonyeza. Programu ikaiona klasi, kisha ikakataa katakata kuumba kitu. Mstari mzima wa watu waliosubiri ukatutazama. Mwalimu akasoma, akajipiga paji la uso.

"Ni mimi mwenyewe! Nimelomba jina ya baba mbele kitu haiyazaliwa. Programu itaitosha wapi?"

Klasi yake ilidai jina la baba kabla kitu hakijaumbwa, na programu haikuwa na pa kulitoa. Hapo ndipo nililielewa somo lake. Programu inayoumba kitu isichokijua huja mikono mitupu, kwa hiyo kitu hicho lazima kikubali kuzaliwa kitupu, halafu kijazwe yanayojulikana. Akaliondoa lile dai, akaipa klasi jina jipya kwa kuwa programu ilikuwa imekwisha kuishika kichwani ile ya kwanza yenye kosa. Nikabonyeza tena. Kadi ikatoka: mama mmoja, watoto wanne, familia moja, na nafasi ya jina la baba ikiwa wazi.

"Siye bote tuko humu?" mama akauliza.

"Bote, mama."

"Basi mulikuwa munakawia nini?"

Leo vijana wetu wanajifunza programu kwenye simu, na wananipita mbali. Hilo nalikubali huku nikinung'unika. Lakini ofisi zetu bado zimejaa fomu zinazodai jina la baba, la kijiji, la mtaa, kabla hazijakubali kwamba aliyesimama mbele yao ni mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa fomu ya namna hiyo, tena yenye majivuno. Mwalimu wetu alinitoa humo kwa kufuta mstari mmoja wa programu. Anayekuja mbele yako mwandike kwanza kwamba yupo, na aliokuja nao wawe pamoja naye. Yale usiyoyajua yaachie nafasi, uendelee na kazi.