Nilivyoachia kabati la posa likashuka lenyewe mtaani Amu

Wakuu, salaam kwenu. Haya ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, na chumvi sijatia hata punje.

Kwanza ilisikika sauti.

Magurudumu ya chuma juu ya mawe, gudu-gudu-gudu, yakishuka kichochoroni, na nyuma yake mtu akipiga ukelele, "Simila! Simila!" Watu wa mtaa wa chini hawakuwa wameona kitu bado. Walipanda tu juu ya baraza za milango yao na kukunja miguu.

Mpiga ukelele ni mimi.

Turudi nyuma kidogo. Ni miaka ya sitini, Uhuru ungali mpya. Nilikuwa mwalimu kijana: mchana nafundisha sayansi, jioni naandika riwaya kwenye madaftari ya shule, nikiamini dunia nzima inaingoja.

Na nilimpenda Rukia. Nilimpenda mpaka nikipita kwao nasahau kuvuta pumzi.

Baba yake, Bwana Shee, muuza nguo, hakuwa na hakika nami. "Huyu ataishi ndani ya vitabu," alimwambia mjomba wangu. Mwishowe akakubali tupeleke kabati la kioo siku ya Alhamisi, mbele ya wazee wake. Likifika salama, siku ya ndoa itatajwa. Likivunjika, basi, atakuwa amepata sababu.

Nyumba yetu iko juu, yao iko chini karibu na forodhani. Kati yazo ni mteremko mtupu.

Nikaajiri mahamali wawili na mkokoteni. Mkubwa wao, Bwana Kombo, alitaka mtu wa tatu atembee nyuma na kamba, awe ndiye breki. Mimi nilikuwa nimelisukuma kabati hilo siku lilipotoka kwa seremala, nikaujua uzito wake.

"Kamba ya nini, Bwana Kombo? Kabati lenyewe jepesi."

"Mwalimu, hili si jepesi. Na ndia hini yashuka," akasema, akinionyesha njia kwa kidole.

"Nimelipigia hesabu."

"Haya. Hesabu yako itashika kamba?"

Mwenzake akaangua kicheko. Nikaudhika, nikasema twende.

Mkokoteni ukakataa kuondoka! Mtu mwenye akili angejiuliza: nguvu iliyotosha juzi leo haitoshi, je, mzigo haujaongezeka? Mimi, mwalimu wa sayansi, nikaweka bega. "Kwa pamoja!"

Ukaondoka. Hatua mbili, tatu, kisha mteremko ukaupokea.

Bwana Kombo, aliyekuwa mbele, aliruka pembeni kama mbuzi. Niliukamata nyuma nikaburutwa, kanzu inapepea, kiatu kimoja kimebaki kwa jirani. Punda mmoja, asiyepisha hata maharusi, siku hiyo alipisha.

Sasa nieleze. Kwetu huwezi kupeleka chombo kwa watu kikiwa kitupu. Hata sahani ya jirani hurudi na kitu. Basi alfajiri mama na shangazi zangu walikuwa wamelijaza kabati: mchele, unga, masinia ya shaba na kinu chenye mchi wake. Hawakuniambia, kwani mwanamume hayamhusu hayo.

Na si kwamba kabati tupu lingeshuka polepole. Mteremko ule lingeshuka vilevile. Ila tupu ningelizuia kwa mikono yangu. Lililojaa lilitaka yule mtu wa tatu na kamba yake.

Kando ya mlango wa Bwana Shee, jirani yake alikuwa amerundika makumbi ya nazi, yale maganda ya nyuzi. Mkokoteni uliingia humo, ukazama taratibu, ukasimama. Ungekuwa ukuta, leo nisingekuwa na la kusimulia. Makumbi yaliula ule mwendo kidogo kidogo.

Kioo kizima! Lakini mlango wa kabati ulifunguka, na unga wote ukawaendea wazee barazani.

Bwana Shee alikuwa mweupe toka kofia hadi makubadhi. "Mwalimu, ni nani aliyekataa kamba?"

Ningeweza kumtaja mama. Ningeweza kuwataja mahamali. Nikamtazama Bwana Kombo, aliyekuwa akihema.

"Bwana Kombo aliitaka. Mimi nikakataa. Kosa ni langu."

Bwana Shee akageuka, akaagiza kabati liingizwe ndani. Dirishani juu, mtu alicheka kicheko ninachokijua.

Fundisho langu, wakuu: kabla hujasukuma kitu, jua kina nini ndani, na umwamini anayekisukuma kila siku. Nanyi, kuna mzigo gani uliowahi kuwatoroka? Mwageni hapa, tucheke wote.

Ah, jibu la Bwana Shee! Tulipokwisha kuliingiza kabati, alijipangusa ndevu, akasema, "Ijumaa ya pili. Na siku hiyo mwalimu asisukume kitu."

Nikafungua mdomo nimshukuru. Shangazi yake Rukia, Bi Amina, akanidaka mkono. "Toka, mwana! Bibi harusi ashuka, na kumwona ni mpaka siku ya ndoa, nawe wasimama hapa na unga wako!"

Akanipa msukumo mmoja tu mgongoni. Nikajikuta njiani, kiatu kimoja mguuni, nacheka peke yangu kama mwehu, na mlango ukafungwa nyuma yangu.