Majina Niliyomtajia Mzee Badiru

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi na nikakatazwa kutazama filamu. Aliyenikataza ni Bwana Meneja wa jumba la sinema lililokuwa mjini Kampala, chini kidogo ya kilima cha Nakasero, Mhindi mnene mwenye sauti ndogo. Alinisimamisha penye pazia zito jekundu akaniambia, "Zamzam, mtu wa tochi hatazami kioo. Mtu wa tochi anatazama watu." Nilikuwa binti wa Kinubi kutoka Bombo, shule nimeiacha kabla kalamu haijanizoea, nikaona ajabu mtu kuajiriwa kwenye nyumba ya filamu halafu azuiwe filamu. Lakini nilitii. Nimetii hivyo maisha yangu yote ya kazi, na kutii huko ndiko kulikonifikisha kwenye mshtuko ninaotaka kuwasimulia, wajukuu zangu. Mpaka leo nikiukumbuka, chai inapoa mkononi.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Kioo ni kile kitambaa cheupe cha mbele ambacho picha huangukia. Filamu ya siku hizo ilikuwa utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu la bati, tukiliita reli, na filamu moja ilikuja na reli kadhaa. Juu kwenye chumba cha mashine alikaa fundi Erisa Wamala na mashine zake mbili. Reli ikikaribia kwisha, kiduara kidogo kiliwaka pembeni mwa kioo, naye akaiwasha mashine ya pili kabla ya ya kwanza kuishiwa. Akichelewa, kioo kinabaki cheupe na watu wanapiga miluzi na kumtukania mama yake, ambaye alikuwa mama mpole tu, Bi Yunia, muuza ndizi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumwonyesha kiti mtu aliyechelewa. Tochi haimulikwi usoni. Unamulika chini, penye viatu vyake, unamtangulia, yeye anafuata mwanga. Ndipo nilipojifunza watu: kwa viatu, kwa kikohozi, kwa namna mtu anavyovuta pumzi akikaa karibu na mkewe aliyegombana naye. Na majina. Kwa kuwa sikuwa mtu wa kuandika, kichwa ndicho kilikuwa kabati langu, na nilichokitia humo hakikutoka.

Wahindi wenye jumba walipofukuzwa nchini, milango ikafungwa. Shemeji yangu, Koplo Rajabu, akanitafutia nafasi kambini, chini ya Afande Sajenti wa burudani. Huko kioo kilikuwa shuka lililotundikwa kati ya nguzo mbili, na upepo ukivuma nyuso za wachezaji zilivimba kama zina meno mabovu. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na askari wengi hawakukijua, basi Sajenti alisimama kando na kuwaeleza kwa Kiswahili. "Huyu mbaya. Huyu mzuri. Sasa watapigana." Siku moja askari mmoja akauliza, "Afande, mbona yule mzuri ameuawa?" Sajenti akafikiri kidogo, akajibu, "Ameuawa kwa sababu hakusikiliza amri." Kambi nzima ikakubali. Nilicheka, sikuwaza zaidi ya hapo.

Kambini nako kulipokwisha nikashuka mtaa wa Bwaise, na huko ndiko nilikokaa kuliko kote. Kibanda chetu cha filamu kilikuwa cha mabanzi na mabati, mabenchi yamepandishwa juu ya matofali kwa sababu ya mafuriko. Reli zilikuwa zimekwisha, sasa ni mkanda wa video, deki, na televisheni moja. Mwenye kibanda alikuwa Mzee Badiru, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa vijei. Wajukuu mnawajua vijei wa siku hizi, lakini mwenzenu asiye wa Kampala aelewe: ni mfasiri anayekaa na maiki, filamu ikiendelea, akiwasemea wachezaji wote, mwanamume, mwanamke, mtoto na farasi. Siku nyingi Badiru alifasiri kwa Kiganda. Ijumaa ilikuwa siku ya Kiswahili, ya wake wa askari na polisi, Wakongo, na sisi Wanubi. Filamu za Kihindi ndizo alizosifika nazo. Alisema alijifunza Kihindi ujanani alipokuwa akipima vitambaa katika duka la Mhindi, na nani angembishia?

Alikuwa na mazoea yake. Kabla hajawasha deki, alikuja mlangoni nilipokaa, akitafuna karanga, akaniuliza, "Zamzam, nani ameingia leo?"

Nami nilimtajia. "Yuko Bosco wa matairi, mkewe amerudi kwao. Yuko Nalongo wa mihogo, pacha wake mmoja hajatembea bado. Yuko Salumu kinyozi na bwana mpya wa dada yake, hawasemezani."

Anatafuna, anaitikia kwa kichwa, anaingia. Nilidhani anaogopa wezi wa viatu. Siku moja nikamuuliza majina hayo yote anayafanyia nini. Akasema, "Mpishi asiyejua anampikia nani, atatia chumvi ya nani?" Nikaona mzee ana maneno mengi, basi.

Ijumaa moja akaingia Mama Onen. Hakuwa mtu wa kibanda. Alikuwa mjane wa polisi, Mwacholi, mama wa heshima ambaye sketi yake haikujua mkunjo. Mwanawe Onen alikuwa amekamatwa pamoja na vijana wanaovunja nyumba za watu, na alipoachiwa, mama yake alimwambia mbele ya majirani kwamba nyumba ya polisi haina kitanda cha mwizi. Kijana akawa anajibanza kwenye gereji. Mama Onen aliletwa siku hiyo na mvua tu, akakaa benchi la mbele.

Ilikuwa ile filamu ya Kihindi ambayo Bwaise iliipa jina lake yenyewe, Mama wa Mlango. Mwisho wake kijana mhalifu anarudi kwao, na mama yake anasimama mlangoni. Nilikuwa nimegeukia watu kama kawaida yangu, lakini masikio nilikuwa nayo. Sauti ya Badiru ikatulia, ikawa ya mwanamke kweli. "Mwanangu, ulichofanya ni kibaya na sitakiita kizuri. Lakini mlango huu nimeujenga na baba yako ili watu waingie." Mama Onen akainuka kabla ya wimbo, akapita mbele yangu amejifunika uso kwa leso, akaenda moja kwa moja gereji.

Onen akarudi kwao. Akawa fundi wa magari, mtu wa watu, na mamaye alikula matunda yake mpaka mwaka huu, ugonjwa ulipomchukua Onen. Bwaise yote ilimzika. Asiyekuja ni dada yake Aber, anayekaa Nairobi. Hakuja, hakupiga simu.

Mimi nimestaafu zamani. Simu zimeua vibanda, na magoti yangu yamezisaidia. Siku hizi tunakaa kibarazani kwa Mama Onen sisi watatu: mwenyewe, mimi, na Mwalimu Nakato, aliyefundisha Kiingereza hapa Bwaise na anayependa kubishana kuliko kula. Majuzi tulibishana juu ya filamu.

"Nyabo," Mwalimu akasema, "filamu kubwa si ile iliyojaza kibanda. Hata mafuriko hujaza kibanda."

"Kubwa ni ile inayokurudisha nyumbani ukiwa mtu mwingine," akasema Mama Onen.

"Hata pombe hufanya hivyo."

"Muulize Zamzam. Yeye ndiye aliyekaa huko miaka."

"Mimi nilikuwa natazama viatu," nikasema, wakacheka wote wawili.

Lakini Mama Onen hakucheka sana. Akatuambia Aber amepiga simu, anakuja Jumamosi. "Moyo wangu hautaki kumwona. Ndugu yake amelala udongoni yeye ananyamaza Nairobi. Ila nitamfungulia. Nilimfungulia Onen kwa ajili ya yule mama wa filamu, na sikujuta hata siku moja. Sasa Mwalimu, niambie tena kwamba ile si filamu kubwa."

Mwalimu ni mtu wa haki. Akasema hawezi kuhukumu filamu aliyoisikia kupitia maiki ya Badiru tu, basi tuitazame yenyewe. Kesho yake akaleta flashi aliyonakiliwa sokoni Kikuubo, filamu kamili, na chini maandishi ya Kiingereza. Yeye akawa anasoma na kutugeuzia. Nami, kwa mara ya kwanza, nikageuza kiti changu kikaelekea kioo.

Mambo yalianza kunishangaza mapema. Mtu ambaye Badiru alitwambia ni mjomba, kumbe ni wakili. Wimbo wa harusi, kumbe wa mavuno. Mama Onen akatabasamu, "Badiru naye." Tukafika mwisho. Mama yuko mlangoni, kijana yuko nje kwenye mvua. Mama akafungua mdomo, na Mwalimu Nakato akanyamaza.

"Soma, Mwalimu."

"Maandishi yamepita haraka."

"Rudisha."

Akarudisha. Halafu akasoma kwa sauti ya darasani, kama mtu anayesoma majina ya waliofeli: "Anasema, 'Nilizaa mtoto mmoja, naye amekufa leo. Wewe sikujui.'"

Na yule mama akafunga mlango. Tuliona kwa macho yetu. Kijana akaondoka, wimbo ukaanza, na hakurudi tena.

Kibanda kizima kililia kwa mlango ule, Ijumaa baada ya Ijumaa, na mlango wenyewe ulikuwa unafungwa mbele ya macho yao. Walikuwa wakitazama mlango unaofungwa na kusikia mlango unaofunguliwa, na waliamini masikio. Mvua ile, kimya kile cha mama, walidhani ni huzuni ya kusamehe.

"Kwa hiyo nilimfungulia mwanangu kwa uongo wa Badiru," akasema Mama Onen.

"Mama Onen, hii ni filamu tu," Mwalimu akasema.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyetaka ile ya kweli. Sasa tumeiona. Mama mkubwa wa filamu kubwa anafunga." Akazima televisheni. "Aber akifika Jumamosi asinigongee."

Nilirudi kwangu, nikakaa, na kabati la kichwani likaanza kufunguka lenyewe. Nikakumbuka Ijumaa ile mlangoni. Badiru aliniuliza nani ameingia, nami nikamwambia, "Yuko Mama Onen, mjane wa polisi, amemfukuza mwanawe." Na kutafuna kwake kulisimama. Akaniuliza, "Kijana yuko wapi?" Nikasema gereji. Akaingia ndani bila kumaliza karanga zake.

Nikawakumbuka wengine. Bosco wa matairi: Ijumaa ile filamu ilikuwa na mume anayekwenda kumwomba msamaha mkewe mbele ya baba mkwe, na Jumapili Bosco alipanda gari la Masaka, kwao mkewe. Nalongo wa mihogo: Badiru alimsemesha daktari wa filamu kwamba mtoto wa pili huchelewa kutembea kwa sababu anamwangalia wa kwanza asianguke. Nalongo alitoka akirudia maneno hayo kwa kila mtu. Nani anajua yule daktari alisema nini kwa Kihindi? Na mimi, wajukuu zangu, niliyekatazwa kioo tangu ujana, niliyedhani nalinda viatu, ndiye niliyekuwa nampelekea mzee yule chumvi kila siku, jina kwa jina. Mtu anastaafu akidhani anaijua kazi aliyoifanya. Mimi nimeijua yangu baada ya magoti kukataa, na wa kumuuliza yuko kaburini Kawempe.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Mama Onen. Komeo lilikuwa limefungwa, akanifungulia, akalirudisha. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza akikunja leso na kuikunjua.

"Badiru alijua habari zangu?"

"Alijua kwa mdomo wangu."

"Basi yule mama hakuwa wa filamu."

"Hakuwa. Ijumaa zilizofuata aliwasemea wote, na wote walilia. Lakini siku ile alikuwa wako peke yako."

Halafu akasema, "Mwalimu akiuliza ni kubwa au si kubwa, utamwambia nini?"

"Nitamwambia ile ya kwenye flashi nimeiona mara moja, sijui. Ile ya kwetu haipo tena. Ilikaa mdomoni mwa mtu."

Mlango ukagongwa. Taratibu, kama wanavyogonga watu wasiojua watapokewaje. Mama Onen hakugeuka. Alikaa akitazama televisheni iliyozimwa, mgongo umenyooka kama siku alizokuwa mke wa afande. Kisha akasema polepole, "Zamzam, nani ameingia leo?"

Nikainama. Chini ya mlango kuna uwazi, na viatu vilionekana: vya safari, kisigino kimoja kimelika, vimesogezwa pamoja kama vya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Yuko Aber," nikasema. "Mwanao. Hakumzika kaka yake. Amesimama kama mtu asiyejua kama ana nafasi ndani."

Leso ikatulia mikononi mwake.

"Basi si kazi yako hiyo?" akasema. "Mwonyeshe kiti."

Nikavuta komeo. Tochi sikuwa nayo, na jua lilikuwa limejaa kibarazani, lakini mkono wangu ulijua kazi yake. Niliuelekeza chini, penye viatu vyake, nikamtangulia.