Mgonjwa wa Mkuyuni

Jina alilopewa na wazazi wake halikumfikisha popote. Kazini wote walimwita Darubini, na mkewe alipotaka kumtania alimwita hivyo hivyo. Alikuwa dereva wa watalii kwa miaka ishirini na sita, na kwa macho hakuwa na mpinzani. Wewe ungeona kichuguu, yeye angekwambia ni duma jike, ana mimba, na ametazama upande wa upepo. Mgeni angeshika darubini ya kweli, ya bei mbaya, ahangaike nayo dakika kumi, mwisho akubali yaishe. Hakuwa mtu wa kuringa, ila alipenda kuonekana amepatia, na nani hapendi?

Sasa, madereva wa mbugani wana lugha yao ya redioni, na sababu ni wageni. Mgeni hata hajashuka kwenye ndege ameshajifunza neno simba, na wengine wamejua mpaka chui. Akilisikia redioni tu, keshasimama garini, kamera mkononi, na mkifika mkakuta mnyama kaondoka ananuna mpaka jioni. Kwa hiyo simba akaitwa Sharubu, tembo akaitwa Masikio, duma akaitwa Machozi kwa ile michirizi ya usoni. Na chui akaitwa Mgonjwa. Hilo alilitunga Darubini mwenyewe, zamani, siku chui mmoja alipolala juu ya mkuyu kutwa nzima, magari saba yamemzunguka, yeye hata mkia hatikisi.

"Jamani, huyu si chui," alisema redioni. "Huyu ni mgonjwa. Mleteeni uji."

Wenzake walicheka mpaka wakapaliwa, na jina likaganda. Tangu siku hiyo ikawa Mgonjwa amelala kwenye kona ya mto, Mgonjwa ameamka, Mgonjwa ameshuka kutafuta chakula. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini wahenga nani aliwakumbuka siku ile.

Mkewe aliujua utani huo, tena aliupenda. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Mwaka ule ini lake likaanza kushindwa kazi. Tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, macho yakawa ya njano. Binti yao wa pekee, mwalimu wa watoto wadogo, aliomba ruhusa shuleni akarudi nyumbani kumuuguza. Wakakisogeza kitanda mpaka dirishani ili mama aone watu wakipita. Ukutani, mbele ya kitanda, kulikuwa na kalenda ya kampuni, na mwezi ule picha yake ilikuwa ya chui juu ya tawi, miguu inaning'inia. Mwezi ukaisha, mama akakataza kalenda isiguswe wala isifunuliwe.

"Mwacheni mgonjwa mwenzangu," alisema. "Tunaelewana. Yeye hashuki, na mimi sishuki."

Darubini alicheka naye, halafu akatoka nje akalia nyuma ya tangi la maji. Alimpenda mwanamke yule, tusimung'unye maneno. Lakini alimpenda kwa mbali, siku kumi mbugani, siku mbili nyumbani, nguo zifuliwe, arudi tena. Mtoto alizaliwa yeye yuko porini. Mama mkwe alizikwa yeye yuko porini. Yule mwanamke hakulalamika hata mara moja, na ndiyo maana alipoomba jambo moja tu, lilikuwa zito.

"Siku yangu ikifika, nataka uwe hapa," alimwambia. "Umeniacha peke yangu mara nyingi, baba. Hiyo usiniache."

"Nitakuwepo," alisema Darubini, na alikuwa anasema kweli.

Wiki mbili baadaye wakaja wale wazee. Mume na mke, wageni waliokuja miaka kumi na moja nyuma, wakaona kila kitu isipokuwa chui. Sasa walikuwa wanarudi kwa mara ya mwisho maishani, na waliandika barua wakimtaka Darubini, si mwingine. Meneja wa kampuni alimwomba kwa upole, siku tano tu. Darubini alikataa. Aliyemgeuza ni mkewe mwenyewe.

"Nenda. Wazee wa watu wametoka mbali kumwona ndugu yangu. Siku tano sifi."

Binti alimfuata baba yake mpaka mlangoni. "Baba, usiende."

"Mama yako mwenyewe kaniruhusu."

"Mama anakuruhusu kwa sababu ameshazoea."

Maneno hayo yalimchoma, lakini begi lilikuwa begani tayari, na mtu akishavaa begi ni vigumu kulivua mbele ya mwanawe. Aliondoka.

Siku ya tatu asubuhi, dereva mwenzake waliyemwita Breki alitangaza redioni kwamba Mgonjwa amelala kwenye mkuyu wa kona ya mto. Darubini akageuza gari. Wageni hakuwaambia kitu, ila bibi yule alikuwa mjanja, aliona mkao wa dereva umebadilika, akafunga kitambaa chake vizuri na kushika chuma cha kiti kwa mikono miwili.

Haya ya ofisini, Darubini aliyajua baadaye, kwa kuunganisha vipande. Mbugani hakuna mtandao wa simu. Habari zote hupita redioni, na milima ikikata mawimbi, kituo cha ofisini hupokea neno la gari hili na kulipeleka kwa lile. Asubuhi ile mpiga redio alikuwa amekwenda kung'oa jino. Kiti chake alikikalia karani wa mapokezi, mama mmoja mpole mwenye wiki tatu tu kazini. Binti wa Darubini akaingia, mguuni ndara mbili zisizofanana, akasema mama amefariki na anaomba baba aambiwe.

Ukutani juu ya redio meneja alikuwa amebandika karatasi: habari mbaya zisitangazwe hewani, wageni wana masikio. Karani akaisoma, akafikiri. Tena yeye alilelewa vizuri. Mtu aliyelelewa vizuri hamwambii mwenzake mkeo amekufa, kavu kavu hivyo. Hutafuta neno laini. Akalitafuta, akalipata, akabonyeza kitufe.

"Kituo kwa Darubini. Unanipata?"

"Nakupata, kituo. Sema."

"Darubini, pole sana. Mgonjwa ametutoka."

Darubini alikanyaga breki, vumbi likawapita. Alikuwa amebakiza kilomita mbili kufika kwenye mkuyu. Uchungu alioupata ulikuwa wa kweli, uchungu wa kazi. "Lini?" aliuliza.

"Asubuhi hii. Saa mbili na nusu."

Akashangaa kidogo, maana Breki ametangaza muda si mrefu, lakini saa za Breki zilijulikana, hazijawahi kusema kweli. "Haya, aende zake," akasema. "Hatuwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya mmoja. Nashuka bondeni, sikosi mwingine."

Bibi mgeni akauliza kitu kutoka nyuma, kitu cha kuchekesha kuhusu bahati yake mbaya, na Darubini akacheka. Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe. Kicheko kikaenda chote hewani.

Ofisini, karani aliiweka chini ile redio taratibu, asijue auelekeze wapi uso wake. Binti akafungua mlango, akarudi kwa mama yake.

Meneja alipoambiwa, alielewa palepale, maana yeye pia alikuwa dereva zamani. Aliruka kwenye redio akaita, akaita, koo likamkauka. Darubini alikuwa ameshazama bondeni, na kule hakuna wimbi linalofika. Breki naye, redio ameizima wageni wapige picha kwa utulivu, alikuwa anamtazama chui wake pale mkuyuni, hajashuka, hajakwenda kokote.

Na bondeni, jamani, Darubini alimpata. Chui jike juu ya jiwe kwenye jua, na kitoto chake kinachezea mkia. Magari mengine hakuna. Bibi mgeni alilia bila kujificha, mume wake akamshika dereva bega na hakuliachia kwa muda mrefu. Walikaa pale mpaka mchana ukageuka. Darubini alikuwa na furaha, furaha kamili, na hilo ndilo baadaye lilimnyima usingizi kuliko yote, kwamba saa zile zote alikuwa na furaha.

Saa kumi walipanda mlima mpaka kwenye uwanja wa kupumzikia, mahali wageni wanaporuhusiwa kushuka. Redio ikaanza kukwaruza, na yeye hakuweza kungoja.

"Darubini kwa wote. Nimempata Mgonjwa mwingine. Tena huyu mzuri kuliko yule wa kwanza, na ana mtoto."

Siku nyingine wangemjibu kumi kwa pamoja, kila mmoja na utani wake. Hakujibu mtu. Kisha ikaja sauti ya meneja.

"Darubini, shuka garini. Kaa mbali na wageni. Umekaa?"

"Nimekaa, bosi."

"Mgonjwa wa mkuyuni yupo. Aliyetutoka ni mgonjwa wako wa nyumbani." Redio ikakwaruza. "Binti yako alikuwa hapa ofisini, ndugu yangu. Alisikia."

Darubini alibaki ameshika redio. Wageni walimwona kwa mbali amechutama, wakadhani anatazama nyayo.

Breki aliwachukua wale wazee, na Darubini akaendesha kurudi. Alifika nyumbani asubuhi, watu wamejaa uani. Kitanda kilikuwa pale pale dirishani, godoro limekunjwa. Alizika mchana huo. Binti aliwapokea watu, akawapa chai, akawashukuru mmoja mmoja, na alipomfikia baba yake alimwekea kikombe akapita. Alimjibu alipomuuliza jambo. Zaidi ya hapo, hapana.

Siku ya nne wakaja meneja na karani. Karani alilia kuliko wafiwa. Meneja akaeleza yote, majina ya redioni, karatasi ya ukutani, bonde, na akasema madereva wamekubaliana neno lile lisitajwe tena hewani, chui aitwe chui na wageni wanune wakitaka. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Alimshika karani mkono akamwambia asijilaumu, hana kosa. Akawasindikiza mpaka barabarani.

Aliporudi, alimkuta baba yake ameketi kwenye kitanda cha mama. Akasimama mlangoni.

"Nimeelewa, Baba," alisema. "Sina kinyongo na yule karani, wala na redio. Nina swali moja tu."

"Uliza, mwanangu."

"Nyumbani una mgonjwa. Umemwacha hawezi hata kugeuka. Mtu anakwambia pole sana, mgonjwa ametutoka. Mawazo yako yalikwenda kwa nani kwanza?"

Angeweza kudanganya. Miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia wageni kwamba yule mnyama alikuwa hapa dakika hii hii, na wote walimwamini. Akatazama ukutani. Kalenda ilikuwa bado kwenye mwezi ule wa zamani.

"Kwa chui," alisema.

Binti aliitikia kwa kichwa. Akaenda mpaka ukutani, akaitoa kalenda kwenye msumari, akaikunja vizuri na kumwekea baba yake mkononi.

"Shika, Baba. Huyu bado yupo."

Kisha akatoka nje kuanika mashuka ya mama yake, na Darubini akamsikia akiyakung'uta moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.